Swichi za taa inayowashwa kutoka sehemu mbili au zaidi: zipi ununue kwanza, zipi uziache

Taa ya ngazi inayowashwa chini na kuzimwa juu ikianza kusumbua, usikimbilie dukani. Zima umeme, toa swichi ya zamani ukutani, kisha hesabu skrubu zinazobana nyaya, ukiiacha ya ethi. Zikiwa mbili, hiyo ni swichi ya njia moja na haikufai hapa. Zikiwa tatu, ni ya njia mbili, ile ambayo mafundi huiita tuwei. Kwa kawaida moja huwa imeandikwa COM na nyingine L1 na L2. Zikiwa nne, huenda ni swichi ya kati, inayokaa baina ya tuwei mbili. Kibao chenye vitufe viwili au vitatu, hesabu kila kitufe peke yake.

Sehemu mbili zinahitaji tuwei mbili. Sehemu tatu zinahitaji tuwei mbili na ya kati moja. Sehemu tano, tuwei mbili na za kati tatu. Tuwei ndizo zinazokaa kwenye miisho miwili, na za kati zote huingia baina yake. Ukinunua mtandaoni, fahamu kwamba Marekani tuwei huuzwa kama swichi ya njia tatu, na ya kati kama ya njia nne. Amini mchoro wa nyuma ya swichi kuliko maandishi ya boksi.

Kuhusu kuzima umeme: zima mein swichi, si breka moja tu. Katika baadhi ya nyumba za ghorofa, taa ya ngazi hupata moto (waya unaoleta umeme) kwenye saketi ya chini na nyutro (waya unaourudisha) kwenye saketi ya juu, kwa hiyo breka moja ikizimwa bado kunaweza kuwa na umeme mle ndani. Pima kwa testa yenye ncha mbili. Testa ya bisibisi yenye kitaa isiwe ndiyo pekee unayoitegemea.

Nafasi ya kwanza: tuwei ya kawaida ya kubonyeza

Hii ndiyo ya kununuliwa na watu wengi. Haihitaji nyutro, haina programu, na ikiharibika dukani haikosekani. Tafuta iliyoandikwa 10AX: herufi X inamaanisha imejaribiwa kwa taa za mirija, ambazo huchosha midomo ya swichi (vipande vinavyogusana ndani yake) kuliko balbu za zamani. Taa za LED nazo huvuta umeme mwingi kwa sekunde ile ya kuwashwa, kwa hiyo swichi dhaifu huungua midomo mapema. Kibao cha chuma lazima kiunganishwe na ethi. Kama ukutani hamna waya wa ethi, chagua cha plastiki. Pima pia kina cha boksi la ukutani. La milimita 16 hubana hata tuwei, la 25 hutosha swichi nyingi.

Kosa linaloleta usumbufu mwingi kuliko yote ni kuhamisha nyaya kwa kufuata mahali zilipokuwa. COM ya swichi mpya inaweza kuwa juu wakati ya zamani ilikuwa chini. Piga picha, zungushia waya wa COM utepe, kisha hamisha waya mmoja mmoja: COM kwenda COM. Ukikuta nyaya mbili zimebanwa pamoja kwenye L1 au L2, ziache pamoja hivyo hivyo. Rangi usizitegemee, maana kwenye saketi hizi waya mweusi au wa bluu mara nyingi una moto. Kubadilishana L1 na L2 hakuna madhara, kitufe kitageuka tu upande. Lakini COM ikikosewa utaijua haraka: taa itawaka kwa swichi ya juu ikiwa tu ya chini imeachwa upande fulani.

Menya waya milimita 8 hadi 10, hakikisha skrubu inabana shaba na si plastiki, kisha uvute kidogo. Muunganiko uliolegea hupata joto, taa hucheza, na baadaye harufu ya kuungua hufuata.

Swichi ya kati ina mtego wake: swichi ya kukata moto na nyutro kwa pamoja, kama ya hita ya maji, nayo ina skrubu nne. Zipime kwa mita kabla ya kufunga. Ya kati, tuseme skrubu zake ni A, B, C na D: kitufe kikiwa upande mmoja, A hushikana na C, na B na D. Ukikibonyeza, A huhamia D na B huhamia C. Ile ya hita upande mmoja haishikanishi chochote. Tena, watengenezaji hawapangi jozi kwa namna moja, wengine huzipanga juu na chini, wengine kushoto na kulia, kwa hiyo mita ndiyo ikuongoze.

Nafasi ya pili: vitufe vya kengele na rilei

Kwa sehemu nne na kuendelea, na kama nyaya zinapitishwa upya, hii inashinda. Kila sehemu huwekwa kitufe kinachorudi chenyewe, vyote vikiunganishwa sambamba kwa nyaya mbili tu, na rilei, yaani swichi inayosukumwa na umeme, huwekwa kwenye boksi la breka. Kila ukibonyeza, rilei hubadili hali. Kuongeza kitufe cha saba ni kazi ndogo. Rilei nyingi hutoa mlio, basi isikae karibu na chumba cha kulala.

Nafasi ya tatu: swichi isiyo na waya

Inafaa pale tu unapotaka kuongeza sehemu bila kuchimba ukuta. Ni nzuri kwa hilo, ila kipokezi kinahitaji kufichwa karibu na taa, na kwa kawaida hudai nyutro.

Nafasi ya nne: dima

Dima ni swichi ya kupunguza mwanga. Weka moja tu, inayokubali njia mbili, na upande wa pili uache tuwei ya kawaida. Dima mbili za kawaida kwenye taa moja huvurugana. Balbu nazo ziwe zinazokubali kupunguzwa, na jumla ya wati zake ifikie kiwango cha chini cha dima, la sivyo zitapepesa.

Usinunue: swichi zenye kitaa cha ndani, kwa taa za LED

Umeme kidogo wa kitaa hicho hupita kwenye balbu, nayo hubaki iking'aa hafifu usiku kucha. Hali hiyo hutokea pia bila kitaa pale nyaya za tuwei zikiwa ndefu, na hapo kubadilisha swichi hakusaidii. Fundi hufunga kapasita maalumu ya kuzuia mng'ao, sambamba na balbu, kwenye kishikio cha taa.