TAHADHARI kwa mwaka wa kwanza Dodoma: "akaunti ya mwanafunzi isiyo na makato" inayokula boom

Wakuu, hasa nyie mnaoshuka stendi ya Nanenane na mabegi mkielekea vyuoni Chimwaga (UDOM), Mipango, CBE na kwingineko: wale vijana wa miamvuli na fulana za benki wanaojipanga karibu na sehemu za usajili, kishikwambi mkononi, msiwape simu zenu.

Sisemi msifungue akaunti. Bodi ya Mikopo inataka akaunti ya benki, na boom, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, haliingii hewani. Nasema angalieni kinachowashwa pamoja na hiyo akaunti. Mimi ni CR (mwakilishi wa darasa), na muhula uliopita wenzangu kadhaa walinijia na kilio kilekile: meseji ya boom imekuja, mtu kaenda ATM kakuta pungufu. Mwanzoni tukasingizia tozo, maana tangu 2021 Mtanzania akikatwa hela cha kwanza kutaja ni tozo. Tulipotoa stetimenti tukakuta ni ovadrafti, ile huduma ya benki ya kukuruhusu utumie zaidi ya salio kisha ikudai.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kijana anakupiga picha, anajaza namba yako ya NIDA, halafu anakwambia, "Nipe simu nikuunganishe na huduma za kwenye simu." Anabonyeza menyu fasta fasta, vigezo na masharti vinapita kama basi la mkoani lisilosimama vituo vidogo, kisha anakurudishia simu na tabasamu. Humo ndani ameshakubali kwa niaba yako huduma ya kutumia zaidi ya salio. Inavyoonekana nao wana idadi ya kufikisha kwa siku, lakini hilo si tatizo lako.

Unakaa hujui lolote. Siku bando limekata unanunua la buku (shilingi 1,000) kupitia akaunti yako, na akaunti ina mia sita tu. Badala ya kuambiwa salio halitoshi, muamala unapita. Kuanzia hapo akaunti iko hasi, na ada ya ovadrafti inahesabiwa kila siku mpaka deni liishe. Sasa piga hesabu ya likizo. Juu ya hapo kila ada ya benki ina mkia wake wa serikali, VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, ndiyo maana kwenye stetimenti unaona mistari mingi midogo midogo usiyoielewa.

Ya mwenzangu mmoja niliisoma mstari kwa mstari. Deni lilianza na shilingi 400 za bando. Chini yake ni ada, kodi, ada, kodi, ukurasa unaisha, wa pili unaendelea vilevile, hakuna muamala mwingine wowote alioufanya yeye. Boom lilipoingia, benki ilijilipa kwanza, na kilichoondoka kilizidi posho ya siku mbili. Mnakumbuka Bodi ilipandisha posho ya chakula na malazi kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Kwa hiyo huyu mtu kanunua bando la buku akalipa kwa kulala njaa.

Tulipofika tawini jibu la kwanza lilikuwa "mfumo ndio umekata". La pili, "ulikubali mwenyewe". Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kuondoka, na hapo ndipo msiondoke. Sisi tuliomba kuonyeshwa tarehe na saa ambayo huduma ilikubaliwa. Dada wa dirishani akavuta pumzi, akaingia kwenye kompyuta, akasoma: dakika chache tu baada ya akaunti kufunguliwa. Yaani palepale kwenye mwamvuli, simu ikiwa mkononi mwa kijana wao. Maneno yakabadilika, tukaitwa kwa meneja.

Malalamiko yaandikeni kwenye karatasi, msiishie kuongea. Ambatanisheni stetimenti, zungushieni kila makato mnayoyapinga, ombeni huduma izimwe siku hiyohiyo (ukiiacha, ada inaendelea huku mkijadiliana), na msitoke bila nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinaitaka benki ikueleze ada kabla hujaingia kwenye huduma, na iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Wakikuzungusha, unapeleka Benki Kuu, lakini Benki Kuu itakuuliza kwanza kama ulianzia kwenye benki yako. Ile nakala ya mhuri ndiyo jibu.

Mwenzangu amerudishiwa ada za ovadrafti. Ada za meseji za benki wamegoma kurudisha, wanasema zimo kwenye orodha ya ada iliyobandikwa ukutani. Kweli zimo, kwa maandishi ya kutafutia miwani.

Msiseme pia "basi nahama benki, waache na hasi yao". Benki hupeleka taarifa za wadaiwa kwenye kampuni za taarifa za mikopo, na siku unatafuta mkopo wa bodaboda au wa mtaji utashangaa unaulizwa deni la chuoni.

Halafu kuna matapeli wanaokuja nyuma ya hili. Ukilalamika hadharani mtandaoni kwamba umekatwa, muda si mrefu unapigiwa na "huduma kwa wateja" anayetaka PIN au tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako "ili arudishe makato". Hakuna benki inayorejesha hela kwa kukuuliza PIN. Namba ya tapeli itumeni 15040. Na yeyote ambaye simu na namba yake ya NIDA zilishikwa na wale vijana apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Kama kuna usiyoijua, nenda kaifute kwa mtandao husika.

Jana jioni miamvuli bado ilikuwepo karibu na geti. Waliofungua kwao mwaka jana watoe stetimenti kabla boom lijalo halijaingia, na atakayekuta mistari ya aina hii anitafute, tunakusanya barua ziende tawini pamoja.