Pentax K1000 ya Kibuye: imekufa au imelala tu?

Hamjambo nyote, karibuni tena. Leo nipo nyumbani Kisumu, na hii mnayoiona mezani ni Pentax K1000, kamera ya filamu niliyoitoa soko la Kibuye Jumapili. Shilingi elfu nne. Mama aliyeniuzia hakunificha: "Kijana wangu, hiyo ilishakufa, kaiweke sebuleni iwe pambo." Sasa sikilizeni. Nakokota... nabonyeza... Umesikia? Hiyo ni maiti kweli?

Kamera hizi zilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Kabetri kake ka LR44 kanaendesha kipima mwanga tu. Shata, yale mapazia yanayofunguka kuingiza mwanga kwenye filamu, inasukumwa na springi, kwa hiyo betri ikiisha unaendelea kupiga kama kawaida, kuanzia sekunde moja hadi 1/1000 ya sekunde. Lawama yangu hapo ni kwamba kipima mwanga hakina swichi. Ukisahau kufunika lenzi, kinakula betri usiku kucha.

Ubovu wa hii ulikuwa huku nyuma. Ngoja nisogee. Mnaona hivi vifereji viwili, juu na chini ya mlango? Vilijaa sponji ya kuzuia mwanga, ambayo ikizeeka inageuka kama lami. Ilininata vidole vyote, halafu nikajipangusa kwenye suruali, kosa kubwa. Nimeikwangua kwa kijiti cha meno, nikamalizia kwa pamba yenye spiriti kidogo. Kidogo, jamani, isichuruzike. Badala ya sponji nimelaza uzi mweusi wa sufu, ule wa kufumia sweta, na gundi kiasi tu. Upande wa bawaba nimebandika kipande cha kitambaa cheusi chenye manyoya, maana pale uzi peke yake hautoshi.

Kuna sponji nyingine mbele, nyuma ya lenzi, pale kioo cha ndani kinapogonga kikiruka juu ukibonyeza. Hii ilinichukua jioni nzima. Spiriti ikifika kwenye kile kioo cha kulengea kilicho juu yake, inaacha doa ambalo halitoki. Na kioo kinachoruka usikipanguse hata kwa kitambaa laini, utando wake wa kuakisi uko juu juu. Kipulizie vumbi, basi.

Sasa bisibisi. Hapa nilijiletea aibu. Skrubu za Kijapani zinafanana na za nyota lakini si sawa. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai vizuri, inaruka na kula kichwa. Angalieni hii ya pembeni ilivyochanika, ni mimi huyo. Tafuteni bisibisi zilizoandikwa JIS, yaani kipimo cha Kijapani, kabla hamjafungua chochote.

Ukiwa sokoni, weka kasi ya sekunde moja, bonyeza, utege sikio. Inatakiwa ivume kama nyuki halafu ijifunge. Ikikwama katikati, mara nyingi ni mafuta ya zamani yaliyoganda kwenye magurudumu ya ndani. Huko mimi siingii, na bei lazima ishuke. Kisha toa lenzi, fungua mlango, elekeza kamera kwenye mwanga. Mapazia ya shata ni ya kitambaa. Ukiona nukta za mwanga zinapenya, yametoboka, mrudishie mwenyewe.

Lenzi imulike kwa tochi ya simu. Kwa unyevu wetu huu wa ziwani, ukungu unaota ndani kama utando wa buibui. Hii yangu unao pembeni, bado inapiga. Ukizidi, acha lenzi, chukua mwili, kwa kuwa lenzi nyingine za mdomo wa K, ule mshikio wa lenzi wa Pentax, zinaingia.

Kwa elfu nne na jioni mbili, mimi naipa tisa kwa kumi. Moja nimekata kwa hicho kipima mwanga kisicholala. Filamu ya picha 36 imeshaingia, kesho naipeleka ufukweni Dunga alfajiri mitumbwi ikirudi.

Halafu, yule mama amebakiwa na mbili. Moja haina lenzi, hiyo mchukue. Ile nyingine nimeshamwomba aniwekee hadi Jumapili, tafadhalini msinizunguke.