Uzoefu wangu na barua ya rejista: ilifika, lakini ufadhili wa masomo ulikuwa umeshakwenda

Huduma ninayoizungumzia ni barua ya rejista ya kimataifa, ile inayopewa namba, inayosainiwa wakati wa kupokewa, na ambayo posta huahidi kuifuatilia tangu dirishani hadi mikononi mwa mwenyewe. Naipa nyota mbili kati ya tano. Hizo mbili ni za ufuatiliaji wenyewe, ambao ulifanya kazi vizuri. Tatu nilizozizuia ni za yaliyofuata: ushahidi ulionyesha wazi barua ilikwama wapi, na bado hakuna ofisi iliyokubali kubeba lawama.

Chuo cha nje kilinipokea kwa shahada ya uzamili, kikanitumia barua halisi ya udahili kwa rejista. Nakala yake ilikuwa tayari kwenye barua pepe yangu. Lakini bodi ya serikali inayotoa ufadhili haikutaka nakala. Ilitaka karatasi yenyewe, yenye saini ya wino na muhuri wa chuo, ifike kabla ya tarehe ya mwisho. Karatasi ikanifikia baada ya tarehe hiyo. Bodi ikafunga jalada langu, na ufadhili akapewa aliyefuata kwenye orodha ya akiba. Huyo simlaumu hata kidogo.

Kwa mwanafunzi yeyote anayesubiri barua, jifunze kuisoma ile namba. Ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili tena. Ikianza na R ni rejista. Ikianza na E ni EMS, huduma ya haraka ya posta. Herufi mbili za mwisho ni za nchi barua ilikotoka, na tarakimu ya tisa ni ya kuhakiki kwamba namba haikukosewa. Ukiiingiza kwenye ukurasa wa ufuatiliaji unaona matukio, na nyuma ya kila tukio kuna msimbo ambao posta za dunia nzima huutumia kuarifiana. EMA ni kupokewa kutoka kwa mtumaji. EMC ni kuondoka kwenye ofisi ya mabadilishano ya nchi ya kwanza, yaani ofisi ya posta inayopitisha barua za kwenda na kutoka nje. EMD ni kuwasili kwenye ofisi ya mabadilishano ya nchi ya pili. EME ni kuzuiwa forodhani. EMF ni kutoka kwenye ofisi hiyo ya mabadilishano, EMG kufika ofisi ya ugawaji, EMH jaribio la kukabidhi lililoshindikana, EMI kukabidhiwa.

Yangu ilipita EMA, EMC na EMD haraka sana. Ilivuka mipaka, ikashuka nchini ninamoishi huku tarehe ya mwisho ya bodi ikiwa bado mbali. Kisha kimya. Hakuna EME, maana yake forodha hawakuishika. Hakuna EMH, maana yake hakuna tarishi aliyekuja akanikosa. Ilikaa tu kati ya EMD na EMF, ndani ya jengo moja la posta ya taifa, hadi siku ilipoamka na kuendelea na safari kana kwamba hakuna lililotokea. Sijawahi kuambiwa kwa nini.

Nilipokwenda dirishani na karatasi yenye matukio hayo, karani alinisikiliza kwa heshima, na hilo nalisema kwa dhati kwa sababu si yeye aliyeikalia barua. Lakini jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba barua za nje huchelewa huko nje. Nikamwonyesha EMD. Jibu la pili ndilo lililonikata maini: barua haikupotea, imefika, kwa hiyo hakuna dai. Fomu ya malalamiko ina nafasi ya kuandika kupotea, kuibwa na kuharibika. Hakuna pa kuandika kuchelewa.

Kisha nikaambiwa kwamba hata kama ingepotea, wa kwanza kudai si mimi bali ni chuo kilichoituma. Niliona ni kisingizio mpaka nilipousoma Mkataba wa Umoja wa Posta Duniani. Ni kweli. Kitu kilichotumwa kwa posta hubaki mali ya mtumaji mpaka kikabidhiwe kwa mwenyewe, na mtumaji ana miezi sita, kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma, kuomba kitafutwe. Basi barua ikikawia, msiitegemee posta ya kwenu. Mwandikieni ofisa wa udahili mara moja mkimwomba afungue maulizo upande wake. Chuo changu kilifanya hivyo siku ileile nilipoomba, na naamini ndicho kilichoiondoa barua pale ilipokuwa imelala.

Mkataba huohuo unasema posta hazibebi hasara zisizo za moja kwa moja wala faida iliyokosekana. Ufadhili uliopotea kwa sababu ya bahasha unaangukia hapo. Sheria za nchi nyingi zimejenga ukuta kama huo. Nchini India, Sheria ya Posta ya mwaka 1898, kifungu cha 6, iliikinga serikali dhidi ya madai ya kupotea, kukabidhiwa kusiko sahihi, kuchelewa na kuharibika kwa barua, ikabakiza mlango mdogo wa udanganyifu au kosa la makusudi la ofisa. Marekani, sheria inayoruhusu raia kuishtaki serikali kwa uzembe imetenga kando madai yanayotokana na barua kupotea au kupelekwa kwa uzembe.

Naielewa sababu yake. Stempu ni ya bei ndogo ili kila mtu aweze kuituma barua, na bei hiyo haiwezi kuwa bima ya kila kilichomo ndani ya kila bahasha. Sikudai nilipwe thamani ya ufadhili. Ila kinga dhidi ya fidia imegeuzwa kuwa kinga dhidi ya kujibu, na hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu anaweza asinilipe hata senti moja na bado akalazimika kuniandikia: barua yako ilikaa kwetu kuanzia tarehe hii hadi ile, sababu ni hii, na kosa si lako. Karatasi moja ya namna hiyo, yenye saini na muhuri, ndiyo ningeipeleka kwenye bodi. Niliiomba. Nikaambiwa hakuna utaratibu wake.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Posta ile imeteuliwa na serikali. Bodi ya ufadhili ni ya serikali. Mkono mmoja uliishikilia barua yangu, mkono wa pili ukaniadhibu kwa kuwa barua haikufika, na kila mmoja ukaniambia niende kwa mwenzake. Bodi ilisema ucheleweshaji wa posta hauihusu. Utamhusu nani basi? Mwanafunzi ndiye pekee katika mlolongo huu asiyekuwa na ufunguo wa jengo lolote.

Tena serikali zinajua namna ya kulitatua hili zikitaka. Huko Marekani, fomu ya kodi iliyowekwa posta kwa wakati huhesabiwa imewasilishwa kwa wakati: tarehe ya muhuri wa posta ndiyo inayotazamwa, hata bahasha ikifika baadaye. Kama mlipa kodi anaweza kulindwa dhidi ya ukawiaji usio wake, mwombaji wa ufadhili anashindikana nini? Bodi ingeandika mstari mmoja tu kwenye masharti yake: nakala ya elektroniki ifike kabla ya tarehe ya mwisho, halisi ifuate, na uthibitisho wa posta ukubaliwe.

Upande wa usimamizi nao unahitaji zaidi ya maneno. Uingereza, mdhibiti Ofcom aliipiga Royal Mail, kampuni ya posta ya huko, faini ya pauni milioni 5.6 mwaka 2023, kisha pauni milioni 10.5 mwaka 2024, kwa kushindwa kufikia malengo ya muda. Lengo la barua za daraja la kwanza lilikuwa asilimia 93 zifike siku ya kazi inayofuata. Katika mwaka wa 2022/23 zilizofika ni asilimia 73.7. Naipenda sehemu moja ya habari hiyo na sehemu nyingine inanisikitisha. Ninachokipenda ni kwamba kuna lengo, kuna kipimo, na takwimu zinawekwa hadharani ili mtu wa kawaida azione. Kinachonisikitisha ni kwamba faini huingia hazina ya serikali. Aliyekosa miadi ya hospitali au usaili wa chuo hapati chochote.

Kwangu mimi, mlango uliofunguka ni ofisi ya umma inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za serikali. Niliwapelekea orodha ya matukio, barua ya chuo inayothibitisha tarehe ya kutuma, bahasha yenyewe ikiwa na mihuri mbele na nyuma, na majibu yote niliyopewa. Tafadhalini, msitupe bahasha. Mihuri ya nyuma ndiyo iliyolingana na EMD na kuwafunga mdomo waliosema ukurasa wa ufuatiliaji huenda umekosea. Ofisi hiyo ikaiandikia posta, na posta ambayo haikuwa na utaratibu ikaandika barua ya kukiri kwamba ucheleweshaji ulitokea kwake. Bodi haikurudisha ufadhili, kwa kuwa ulikuwa umeshatolewa. Ilikubali kupokea ombi langu upya katika awamu iliyofuata bila kulihesabu kuwa la mtu aliyewahi kukosa masharti. Chuo nacho kikakubali kuahirisha nafasi yangu.

Je, ningeitumia tena? Kwa hati ambayo haina tarehe ya mwisho, ndiyo, bila wasiwasi, kwa sababu ile saini na zile namba zina maana. Kwa hati ya udahili au ufadhili, omba chuo kitume EMS kama kinaweza, omba bodi ikupe jibu la maandishi kuhusu nakala ya elektroniki mapema, na barua ikisimama kwenye EMD usingoje hata kidogo. Wengi hawana uwezo wa kulipia wasafirishaji binafsi, na ndio hasa ambao posta ya umma iliundwa kuwahudumia, kwa hiyo sikubali jibu la kwamba mwenye haraka atafute kampuni.

Nimemwandikia mdhibiti wa posta wa hapa nchini nikiomba mambo mawili: fomu ya malalamiko iongezwe sehemu ya kuchelewa, na posta ilazimishwe kutangaza kila robo mwaka muda ambao barua za rejista hukaa kati ya kuwasili nchini na kufika ofisi ya ugawaji. Wamenijibu kuwa wamepokea. Nyota mbili zitabaki hapo hadi takwimu hizo zitakapotoka.