Bodi ya kulala nyuma ya Hilux: uzoefu wangu Dodoma, Kondoa na Hanang

Kila nikisimama sheli kujaza mafuta, kuna mtu atazunguka gari, atagonga bodi kwa vidole, kisha atauliza: "Hii umeagiza au umetengenezesha?" Nimetengenezesha, hapa hapa Dodoma. Swali linalofuata huwa ni kama inafaa, na hilo nataka kulijibu kwa kirefu maana pale sheli hakuna nafasi. Inafaa. Ningetengenezesha tena kesho. Ila fundi aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba adui mkubwa wa bodi ya kulala kanda hii ya kati ni vumbi. Mengine yanafuata nyuma.

Gari ni Hilux ya kebini moja, inavuta magurudumu yote manne. Kwenye sehemu ya mzigo tumeketisha boksi lenye fremu ya skwea paipu ya inchi moja. Nje limevikwa bati la alumini lililopigwa riveti, ndani ni plaiwudi nyembamba, na katikati yake tumejaza yale mapovu magumu meupe yanayokuja kwenye maboksi ya friji na televisheni. Kitanda kimefuata urefu wa gari, godoro la inchi nne, chini yake droo za nguo na vyombo. Ukiketi kitandani kichwa hakigusi dari, lakini kusimama huwezi. Kazi ya chuma ilifanywa na fundi wa kuchomelea kule Kizota, seremala akamalizia ndani. Gharama yote, sola ikiwemo, haikufika milioni nne.

Wazo nililitoa kwa watu wa mbali kabisa na hali yetu. Marekani na Kanada kuna wapenzi wa kuteleza juu ya theluji ambao hawaendi kwenye viwanja vyenye lifti za kupandisha watu. Wao hubandika ngozi maalumu chini ya mbao zao za kutelezea ili zisirudi nyuma, wanapanda mlima kwa nguvu za miguu yao, wakifika juu wanaibandua ngozi na kushuka kwa kuteleza. Baadhi yao hujijengea bodi juu ya pikapu na kuishi humo msimu mzima, sehemu kama milima ya Wasatch kule Utah au Rogers Pass huko British Columbia, ili alfajiri iwakute tayari wako chini ya mlima. Majira ya baridi yakielekea kuisha, kuwahi huko ni usalama pia, kwa sababu jua likishaipasha theluji hatari ya maporomoko inapanda. Sisi theluji hatuna, lakini haja ni ileile. Ukitaka kupanda Mlima Hanang, au kufika kwenye michoro ya kale ya miambani kule Kolo, Kondoa, kabla jua halijawaka, lala hapo hapo.

Ujenzi wao, hata hivyo, usiuige ulivyo. Wao wanapambana na unyevu: pumzi za watu, soksi na buti zilizolowa, vyote vinageuka matone kwenye kuta na usiku vinaganda. Akili yao yote inaenda kwenye hita, matundu ya kutolea hewa, na namna ya kuzuia maji ya kunywa yasigande. Huku kwetu, kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kuulizia, na unachokabiliana nacho ni udongo mwekundu uliosagika, mwepesi kama unga wa muhogo.

Vumbi hilo haliingii kwa mbele kama wengi wanavyodhani. Gari likienda, nyuma yake msukumo wa hewa unapungua, na lile wingu linalotimuliwa na matairi linavutwa hadi kwenye mlango wa nyuma. Kuanzia hapo linanyonywa ndani kupitia upenyo wowote: kwenye bawaba, tundu la kitasa, kona ambako silikoni haikufika. Njia ya vumbi ya kwanza niliyopita na bodi mpya ilikuwa ile ya upande wa Kwa Mtoro, kwa Wasandawe, na hadi tunafika shuka nyeupe ilikuwa na rangi ya matofali. Fundi akajibu kwa kuongeza raba mlangoni, moja juu ya nyingine. Ilisaidia kidogo sana.

Dawa ilikuwa kuingiza hewa, wala si kuzidi kuziba. Tulikata kidirisha mbele ya bodi, juu ya usawa wa paa la kebini, kinachotazama tunakokwenda, tukakifunga chujio la hewa la gari. Sasa upepo wa safari unasukumwa ndani kupitia chujio, hewa ya ndani inakuwa na msukumo mkubwa kuliko ya nje, na ule upenyo wa nyuma uliokuwa unavuta unageuka kuwa wa kutoa. Ushahidi ni rahisi. Ukifika, pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa mlango, pale raba inapokutana na bati. Zamani kidole kilitoka chekundu hadi kwenye kucha, siku hizi kinatoka na alama hafifu. Chujio la karatasi unalikung'uta kila baada ya safari, usilioshe kwa maji, na kidirisha kiwe na kifuniko cha siku za mvua. Katika bodi nzima hakuna kitu kilichonigharimu kidogo na kunisaidia sana kama hiki.

Joto lina dawa ya kizamani. Land Rover za miaka ile zilikuwa na paa la pili juu ya paa, hewa inapita katikati. Nilimwomba fundi afanye vivyo hivyo: bati jeupe limeinuliwa inchi mbili juu ya dari, na paneli ya sola imelala juu yake. Mchana wa Oktoba, ambao kila aliyekaa Dodoma anaujua, dari ukiigusa kwa ndani ni vuguvugu tu. Madirisha mawili yanatazamana, yote yana neti ya mbu iliyobanwa kwenye fremu.

Usiku wa Julai mambo yanageuka. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa mashariki kipindi hicho haulali. Elekeza pua ya gari kwenye upepo, mlango wa nyuma unabaki umekingwa na bodi haiyumbi sana. Halafu jifunike blanketi zito. Nasisitiza blanketi, kwa sababu nimeshaona watu wanaingiza jiko la mkaa ndani ya gari wapate joto. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa usingizini. Hata wale wa kwenye theluji, wenye baridi ya kugandisha maji ndani ya chupa, hutumia hita inayotoa moshi nje kwa bomba, na hufunga king'ora cha kugundua gesi hiyo. Tafadhali, mkaa ubaki nje.

Lalamiko langu kubwa kwa kazi ya fundi ni uzito. Mafundi wetu wamezoea mageti na grili za madirisha, ukiwaachia watajenga kwa chuma cha geti. Nilipambana kuipata ile paipu ya inchi moja, yeye alitaka ya inchi mbili. Halafu madumu ya maji akayapangia nafasi nyuma kabisa, mlangoni, kwa kuwa ni rahisi kuchota. Madumu matatu ya lita 20 ni kilo 60, na zikikaa nyuma ya ekseli zinainua pua ya gari. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na nikishuka mlima wa Nyang'oro kutoka Iringa kurudi Mtera nilikuwa naisikia hofu mikononi. Tuliyahamishia madumu mbele, nyuma tu ya kebini, tukaongeza springi moja kila upande, gari likatulia. Mwambie fundi mapema: vizito vyote viwe chini na mbele.

Bodi nzuri haikuokoi ukiegesha pabaya. Kanda hii ina makorongo mapana yenye mchanga laini na kivuli cha migunga, makavu sehemu kubwa ya mwaka, na yanavutia sana kwa kulala. Usilale humo. Upande wa Mtera nilimkuta mzee anachunga mbuzi, nikamuuliza.

"Shikamoo mzee. Hapa korongoni panalalika?"

"Marahaba, kijana." Akatazama milima kwanza. "Mvua ikinyesha kule juu, huku hutaona hata tone. Utasikia maji tu yamefika. Peleka gari pale kwenye mbuyu."

Nililala kwenye mbuyu. Na yaliyotokea Katesh Desemba 2023, pale tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu kwa makumi, yanatosha kumfundisha yeyote anayelala chini ya milima ya huku kuheshimu njia ya maji. Bwawani Mtera nako kaa mbali na ukingo, viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na mamba wapo.

Kijijini naanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Namsalimia, najieleza nimetoka wapi na naondoka lini, na mara nyingi yeye mwenyewe ananionyesha pa kuegesha, uwanja wa shule au karibu na nyumba ya balozi wa nyumba kumi. Hakuna kufuli linalolinda gari kama kijiji kinachojua kuwa upo. Bado, weka komeo la ndani. Fundi aliweka la nje pekee, na mtu aliyelala ndani hawezi kulitumia.

Kwa nini nisilale gesti tu? Nalala sana gesti, na Kondoa mjini, Singida na Babati zipo nzuri. Lakini Ijumaa natoka kazini Mtumba, lami ya Kondoa ni safi, na usiku ule ule naweza kuwa Kolo. Asubuhi naripoti ofisi ya michoro, nalipa kiingilio, napewa mwongozaji, tunapanda kungali na baridi. Michoro hii ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, na sehemu kubwa ni ya rangi nyekundu iliyofifia: watu wembamba warefu, twiga, na pofu, yule swala mkubwa. Mwanga wa asubuhi unapokuja kwa ubavu, mistari ambayo mchana huioni kabisa inajitokeza jiweni, na unaweza kufuata mgongo wa mnyama kutoka kichwa hadi mkia. Mwongozaji aliniambia wageni wengi hufika saa sita wakiwa wamechoka, wanapiga picha mbili na kushuka. Nilikaa pale nikitazama mpaka jua likazunguka jiwe, na hilo ndilo bodi hii imenipa.

Hanang vilevile. Mlima una zaidi ya mita 3,400 na kupanda na kushuka ni shughuli ya siku nzima kutokea Katesh. Ukianza gizani na mwongozaji, ukirudi jioni miguu inatetemeka, kitanda kiko hatua chache na huna barabara ya kuendesha usiku ule.

Jikoni sina mengi ya kusema. Mtungi wa kilo 6 na jiko la plate moja, napikia nje nyuma ya mlango. Mtungi unasafiri ndani ya kisanduku chenye tundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja ishuke itoke. Paneli ya wati 100 inatosha taa, simu, feni ndogo na kuchaji kamera. Friji inataka zaidi ya hapo, nami sikuiweka. Kibaigwa na Kondoa nanunua vya siku hiyo, na njia ya Mtera samaki wa kukaanga hawakosekani.

Kama unasafiri na watoto wawili au watatu, usitengenezeshe hii, nunua hema kubwa. Kama gari ndilo la biashara yako wiki nzima, fikiria mara mbili, kwa sababu kuishusha bodi kunataka wanaume wanne wenye nguvu. Kwa mtu mmoja au wawili wanaopenda milima na mapori ya huku, sijaona kinachoizidi kwa hela hiyo.

Kilichobaki ni mlango wa nyuma. Unafungukia pembeni, upepo unaupiga, na siku ya mvua huna mahali pa kusimama na sufuria. Kabla ya mvua za Desemba narudisha gari Kizota tuubadilishe ufungukie juu, uwe kivuli na kinga ya mvua kwa mpishi. Bei tumeshakubaliana.