Piano ya dijitali kwenye nyumba ya Lamu: miaka mitatu ya chokaa, unyevu na stima

Piano yangu ilikuja kwa basi mpaka Mokowe, ikavushwa kwa boti, kisha hamali akaitia begani hadi Mkomani, kwa sababu boksi refu namna ile lisingepinda kona za vichochoro vyetu likiwa juu ya mkokoteni. Ni ya vibonye 88, vizito kama vya piano ya nyuzi, aina ile inayokaa juu ya stendi, kilo kumi na kitu. Nimeipiga karibu kila siku kwa miaka mitatu. Naandika kwa ajili ya mtu wa pwani anayesitasita kununua, na zaidi kwa yule ambaye yake imeanza kumsumbua na ameshaambiwa imekufa.

Maana yangu iliambiwa imekufa. Masika ya mwaka wa pili, noti ya sol iliyo juu ya do ya kati ilianza kupayuka. Niiguse polepole vipi, inalia kwa nguvu zake zote. Baada ya wiki, noti ya la iliyo jirani yake ikawa bubu. Mama alikuwa akinisikiliza kutoka ukumbini akasema, "Mwanangu, hicho kinanda kina pumu." Fundi niliyempigia simu Mombasa hakuniuliza hata swali la pili: bodi imeungua, ilete. Safari ya kutwa nzima na mzigo wa zaidi ya mita moja! Nilikataa, na hadi leo nashukuru.

Nikasoma jinsi inavyofanya kazi. Chini ya kila kibonye mna ukanda wa mpira wenye vidoa vyeusi vya kaboni, viwili au vitatu kwa kila sauti. Ukibonyeza, doa moja linagusa bodi kwanza, la pili linafuata. Piano haipimi nguvu ya kidole chako. Inapima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili: muda ukiwa mfupi sauti huwa kubwa, ukirefuka sauti hupungua. Doa likiingia uchafu hesabu inavurugika, na ndipo kibonye kinapopayuka au kunyamaza.

Nilinunua chupa ndogo ya spiriti ya isopropili kwa fundi wa simu, ndiyo wanayosafishia bodi. Spiriti ya duka la dawa niliiacha, kwa kuwa nyingine zimetiwa mafuta. Nikachomoa adapta, nikailaza piano kifudifudi juu ya godoro, nikaanza na bisibisi. Skrubu ni nyingi na urefu wake haulingani, kwa hiyo nilizipanga kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kutoka kwake, na kila hatua nikaipiga picha. Nilipouinua ule ukanda wa mpira nilikuta vumbi jeupe la chokaa, lile lile linalodondoka kwenye kuta zetu za matumbawe kila ukifagia, limelowa na kuganda kama unga ulioachwa jikoni bila mfuniko. Nikafuta kwa kitambaa cha miwani kilicholowa kidogo tu, bila kusugua, maana kaboni ikibanduka hairudi. Nikaacha pakauke. Kuurudisha ukanda ndiko kulikonichosha: una vijiguu vidogo vinavyopita kwenye matundu ya bodi, na kimoja kikibaki nje, kibonye hakisemi. Nilianza baada ya alfajiri, nikafunga skrubu ya mwisho magharibi ikiingia. Sol ikaitika kwa upole. Mama akaja mwenyewe kuigusa.

Kama waranti yako ingali hai, usifungue, mrudishie aliyekuuzia.

Tangu siku ile piano haikai tena karibu na dirisha la upande wa bahari. Usiku naifunika shuka la pamba. Mwanzo nilikuwa nikiifunika nailoni, nikadhani naikinga, kumbe jasho lilikuwa linafungiwa ndani.

Matatizo mengine niliyokutana nayo hayakuhitaji bisibisi. Siku moja pedali iligeuka: ukiikanyaga sauti inakatika, ukiiachia inavuma. Binti yangu alikuwa ameweka mguu juu yake wakati wa kuwasha, na piano nyingi husoma hali ya pedali wakati huo huo. Tuliizima, tukahakikisha plagi imeingia, tukawasha mguu ukiwa mbali, ikatulia. Ikikataa kutoa sauti kabisa, tazama tundu la hedifoni kwanza: kile kiunganishi kidogo kikisahaulika humo, spika hunyamaza. Na ukiiunganisha na kompyuta ukasikia mvumo, chomoa chaja ya kompyuta usikilize tena. Kwangu mvumo uliisha papo hapo.

Hedifoni zina jambo ambalo muuzaji hakuniambia. Nilizoea kupiga usiku nikiamini hakuna anayesikia. Lakini dari za nyumba zetu za kale ni boriti, na boriti hubeba kila kishindo cha vidole. Chini walikuwa wakisikia tuku-tuku-tuku mpaka saa tano za usiku, na Mama kwa upole wake alivumilia miezi kabla ya kusema. Nilikunja mkeka mara mbili nikauweka chini ya miguu ya stendi na kipande cha mpira juu yake. Kishindo kimepungua sana, ingawa hakijaisha.

Stima ikipotea nachomoa, nangoja irudi na kutulia ndipo nachomeka. Adapta naipitishia kwenye kifaa kile kile cha kulindia friji. Haijaungua hata mara moja.

Je, ningeinunua tena? Ndiyo, bila kusita. Piano ya nyuzi kwa hewa hii ya chumvi ingeota kutu na kudai fundi wa kuipatanisha, na fundi huyo hapa kisiwani sijamwona. Ninachokosa ni zile robo za sauti za taarabu, zinazokaa kati ya kibonye kimoja na jirani yake. Yangu haina namna ya kuzipanga, kwa hiyo nyimbo za bayati, zenye robo hizo, namwachia mwenye udi, mimi namfuata kwa besi.

Noti ya si bemoli, ile ya chini kabisa, ingali inasita asubuhi za mvua. Naipiga mara tatu nne ndipo inaamka. Nitaifungua kaskazi ikirudi, hewa ikiwa kavu.