Darubini ya Pentax Papilio II 6.5x21: kama unapenda wadudu, chukua hii

Nimetembea nayo siku 6 North Uist, kisiwa cha Hebrides huko Scotland, mwezi wa saba, hivyo naongelea nilichokiona kwa macho yangu. Darubini nyingi ukiwa karibu na ua unaona ukungu mtupu, inabidi urudi nyuma hatua kibao, ila hii inashika mpaka nusu mita, yani umesimama wima kabisa unamcheki mdudu aliye usawa wa goti na unaona hadi chavua iliyomganda miguuni. Ukizungusha kuleta picha ya karibu lenzi za mbele zinasogeleana, ndo maana macho yote mawili yanaona kitu kimoja.

Mie nilienda kutafuta aina moja tu ya nyuki, Bombus distinguendus. Mnene, manyoya ya dhahabu mwili mzima na mkanda mweusi katikati ya mabawa. Uingereza nzima amebaki huko juu tu, visiwa vya Orkney na Hebrides na ncha ya kaskazini ya Scotland. Sie tuliokulia Tanga nyuki wa jamii hii hatunao, Afrika kusini ya Sahara hawapo kabisa, tumezoea yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa.

Nilikuwa nazunguka Balranald, hifadhi iliyopo hapo North Uist, kwenye machair, yale majani yanayoota juu ya mchanga wa kombe nyuma ya ufukwe, kiangazi yanachanua mpaka unaogopa kukanyaga. Siku 2 za kwanza upepo tu, sikuona kitu. Ya tatu upepo ukalala kidogo saa tano asubuhi nikasikia mngurumo, huyo hapo kwenye klova nyekundu, kama mita moja hivi. Jamani. Ningeinama kivuli kingemfikia angeruka, lakini nilisimama palepale nikamwangalia akihama ua hadi ua, ulimi anauzamisha anautoa, na machozi yalinilenga kweli.

Uzito gramu 290, shingoni huisikii. Kwa ndege wa mbali haitoshi, inavuta mara 6.5 tu, na mvua ikianza iweke kwenye mfuko wa plastiki maana haikuundwa kuzuia maji. Nyota 4 kati ya 5.

Anayetaka kwenda aende mwezi wa saba au wa nane, abebe na neti ya uso, upepo ukitulia jioni visubi wanatoka kwa maelfu.