Kabla ya Kulipenda Gari, Ulizia Bei ya Taa Yake

Gari lililonipa somo lilikuwa jekundu, la Kijerumani, na ukilikanyaga mafuta liliitika kabla mguu haujafika chini. Jina la kampuni iliyolitengeneza nitalihifadhi, kwa kuwa uzembe ulikuwa wangu: nilikagua injini, giaboksi, tairi na hata mazulia, nikasahau kuulizia bei ya kitu kimoja tu. Miezi minne baadaye, mwendesha bodaboda aliyekuwa akikwepa shimo karibu na Mwenge aliigonga kona ya mbele upande wa kulia. Bampa lilipata mchubuko, taa ikapasuka. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, nikitarajia kurudi nyumbani mchana, lakini taa niliipata baada ya wiki saba, ikiwa imeagizwa Dubai, kwa bei iliyouzidi mshahara wangu wa mwezi.

Masaibu hayakuishia hapo. Fundi aliifunga taa ile ikakaa sawasawa, lakini usiku wa kwanza kila dereva niliyepishana naye alinipigia fulu kwa hasira. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba taa ya gari la nchi ambako magari hupita kulia hutengenezwa ili mwanga wake uinuke kidogo upande wa kulia, umulike alama na watembea kwa miguu walio pembeni mwa barabara. Ukiileta Tanzania, ambako tunapita kushoto, mwanga huohuo huinukia machoni mwa anayekuja mbele yako. Hakuna skrubu ya kurekebisha kasoro hiyo katika taa nyingi. Inayotakiwa ni taa iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi kama Uingereza au Japani.

Kwa sababu hiyo, wasomaji wanaoniuliza kama wanunue gari la kawaida lisilo na mbwembwe au lile linalowafanya watu wageuke, siwajibu kwa hesabu za mafuta wala mwendo kasi. Hayo yameshaandikwa vya kutosha. Mimi huwauliza kama wameshafika dukani kuulizia taa ya mbele ya gari wanalolitaka. Taa hukaa mahali panapogongwa kwanza, haizibwi viraka kama bampa, askari wa usalama barabarani huiona kutoka mbali, na bei yake hukueleza bila maneno mengi ni magari mangapi ya aina hiyo yaliyokwisha kukatwa na kuletwa nchini kama spea. Gari ambalo taa yake haipatikani Kariakoo, milango yake haipatikani pia, wala vioo, wala rejeta.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota Premio, toleo la 2001 hadi 2007 lenye injini ya lita 1.5, na sitajifanya kwamba sina upendeleo, kwa sababu ndilo ninaloliendesha sasa. Naam, ni gari la mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu. Lina vipande vya plastiki vilivyopakwa rangi ya mbao, na hakuna kijana aliyewahi kuliomba kwa ajili ya harusi. Hata hivyo injini yake, 1NZ-FE, ndiyo hiyohiyo iliyomo katika Toyota IST na Probox za lita 1.5, hivyo fundi wa Songea anaijua kama anavyoijua ya Kinondoni, na taa zake utazikuta zimepangwa rafuni kama vitabu. Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, pacha wake Allion anashirikiana naye karibu kila kitu cha chini, lakini sura ni tofauti, na taa ya mmoja haiingii kwa mwenzake. Kwa kuwa Premio zimejaa zaidi mitaani kwetu, taa yake ndiyo rahisi kuipata. Pili, sura ilibadilishwa mwishoni mwa 2004, kwa hiyo usimwambie muuzaji "nataka taa ya Premio" ukadhani umemaliza. Inama, tazama kwenye kioo cha taa, chini au pembeni: kuna maandishi madogo ya kampuni iliyoitengeneza, kama vile Koito, Stanley au Ichikoh, na namba yake. Piga picha namba hiyo leo, gari likiwa zima, uiweke kwenye simu.

Ya pili ni Probox, na hapa najua nitachekwa. Ilitoka mwaka 2002 na kuendelea na sura ileile hadi 2014, yaani taa moja kwa muda wa miaka 12. Balbu yake ni ya H4, ile yenye mwanga mkubwa na mdogo ndani ya balbu moja, inayopatikana hata katika maduka madogo ya barabara kuu ambako wanauza pia sabuni na vocha. Wanaosafirisha abiria mikoani hawakulichagua gari hili kwa bahati. Likigongwa saa nne usiku, alfajiri linarudi kazini.

IST ya kwanza, ya 2002 hadi 2007, ingekuwa ya pili kama isingekuwa wezi. Taa na vioo vyake vinapatikana kirahisi mno, na sehemu ya urahisi huo inatokana na ukweli kwamba vinanyofolewa usiku kwenye maegesho ya watu wengine. Ukiinunua, peleka taa, vioo vya pembeni na vioo vya madirisha vikachorwe namba ya usajili siku hiyohiyo. (Wamarekani waliuziwa gari hilihili kwa jina la Scion xA, huko nadhani wanalala bila wasiwasi.) Ukipata ya lita 1.5 badala ya 1.3, chukua hiyo, hasa kama una safari za milimani.

Vitz na Passo ni nafuu na taa zake ni nafuu. Sina la kuongeza.

Kwa yule ambaye hawezi kuishi bila kusisimka, ninaruhusu Mark X, na nairuhusu kwa sababu ni Toyota. Toleo la 2004 hadi 2009 linavutia kwa kweli, na injini ya V6 ya lita 2.5 ina mlio ambao Premio haitaupata hata kwa maombi. Lakini hesabu inaanzia bandarini, kwa kuwa ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, nao ni asilimia 10 kwa inayozidi 2,000. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) mtandaoni kitakuonyesha tofauti hiyo kabla hujatuma fedha. Kisha njoo kwenye taa. Nyingi ni za xenon, ambazo haziwaki kwa balbu peke yake bali hutegemea kifaa kidogo kiitwacho balasti kinachopandisha umeme. Taa ya mtumba huweza kuuzwa bila balasti, na utaligundua hilo ukiwa umeshalipa. Omba iwashwe dukani, kwa betri, ukiona kwa macho yako.

Subaru Forester inashika nafasi baada ya hiyo. Wenye Subaru husaidiana kutafuta spea kwa umoja ambao sisi wa Toyota hatujawahi kuuhitaji, na maelezo hayo yanatosha. Magari ya Ulaya nayaweka mwisho, si kwa ubovu wa kazi yake, bali kwa sababu ya usiku ule wa kupigiwa fulu. Nayo magari ya miaka ya karibuni yenye taa za LED, ya kampuni yoyote ile, yachunguzwe kwa uangalifu wa pekee, kwa kuwa katika mengi yake hakuna balbu ya kubadilisha. Kikizima kilichomo ndani, unanunua taa nzima.

Sasa wauzaji. Wauzaji wa magari wamegundua kwamba taa iliyofifia na kuwa ya njano huzeesha gari, kwa hiyo huisugua kwa msasa na dawa hadi ing'ae kama ya jana. Wasichokueleza ni kwamba plastiki ya taa huja kiwandani ikiwa na utando wa kuikinga na jua, na msasa umeuondoa. Kwa jua la Dar es Salaam, baada ya miezi michache taa itarudi kuwa ya njano kuliko ilivyokuwa, nawe utakuwa umeshaandikisha gari kwa jina lako. Halafu kuna hawa wanaotangaza gari kwa picha ishirini, wakataja redio, kamera ya nyuma, AC ya kugandisha na kwamba lilikuwa likitumiwa na mama mmoja mtaratibu, lakini bei hawaiandiki. Ukiuliza unaambiwa upige simu, ukipiga unaulizwa una bajeti ya kiasi gani. Bei ya kitu si siri ya ndoa. Kwenye spea ni vivyo hivyo, kwani muuzaji hutazama kwanza ulichoshuka nacho ndipo ataje bei, kisha akwambie taa moja haiuzwi, inauzwa jozi. Egesha mbali, nenda kwa miguu, onyesha namba ya taa kwenye simu, uulize maduka matatu kabla ya kutaja gari ni lako. Vishoka wanaokudaka njiani na kukuvuta mkono wapite, maana kamisheni yao unailipa wewe.

Lile gari langu jekundu nililiuza hatimaye. Nilimwonyesha mnunuzi taa ya kulia, nikamweleza ilikotoka na mwanga wake unakoelekea, kwa sababu sikutaka mtu mwingine apate ajali kwa ajili yangu. Alinisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa, kisha akauliza kama redio inashika Bluetooth.